Maua Tuliyoyafikia

Barua ya shemeji yangu Yasuji ilikuwa na mstari mmoja: “Yetu imetoa maua.” Nikaitia motoni chini ya chungu cha wali kabla mume wangu hajatoka kuoga.

Mianzi yao na yetu ni shina moja, babu wa mume wangu na Yasuji aliligawa kwa jembe. Ni ya manjano tupu, na mstari mmoja wa kijani unaohama upande kila pingili. Watu huja hata kutoka Kyoto kuitazama. Huchanua mara moja tu kwa miaka mia na ushee, na ikichanua inakufa, pamoja na ndugu zake wote wa shina hilo, popote walipo. Na mume wangu Tokuzo ndiyo kwanza ametoka hospitali na moyo wake mbovu. Akiona ua moja tu la mianzi ya baba yake, niliwaza, namzika.

Basi kila alfajiri nikawa namtangulia. Siku ya nne nikaliona: kishada kikavu kama pumba za mpunga. Nikakichuma, nikakificha kwenye mkono wa kimono. Kuchuma hakuponyi kitu, nami nimelima mianzi miaka arobaini, najua. Nilichuma tu. Mwezi mzima nilichuma, uso chini, sikuthubutu kuuinua.

“Unaamkia wapi siku hizi, bibie? Umepata bwana?” Tokuzo akanitania.

“Nani anitake na mikono hii? Kunywa supu yako.”

Jumamosi nikafua suruali yake ya shamba. Nilipogeuza mfuko, vishada vikavu vikamwagika majini, konzi nzima. Nikamfuata barazani, suruali inachuruzika maji.

“Mzee, hivi ni nini?”

“Huwa nakwenda jioni, ukiwa jikoni. Nilijua ukiviona hutalala.”

“Tangu lini nikalala?”

Tukaenda pamoja. Tulisimama katikati ya mianzi, wote tunatazama viatu vyetu.

“Tazama juu,” akasema.

“Tazama wewe.”

Tukashikana mikono, tukainua nyuso. Huko juu, tusikofika, kichaka kizima kilikuwa kimeshageuka rangi ya pumba.

Sikukitazama tena. Nilikitazama kifua cha Tokuzo, kama bado kinapanda na kushuka.