Pasi ya Mikunjo

Askari wa jiji alimwaga makaa mtaroni, yakalia tsss, kisha akaiinua pasi kwa kitambaa kama aliyeshika panya mkia.

"Kaka yangu, hiyo ni pasi, siyo bunduki," Mikunjo alisema.

"Leo anapita mgeni rasmi. Hatutaki moshi barabarani."

"Hizi nguo za watu nazirudishaje kesho?"

"Zikalie." Wenzake wakacheka. Gari likaondoka.

Mikunjo akabaki na meza na fuko la nguo. Juu kabisa, shati jeupe la Afisa Biashara.

Jina la Mikunjo alilipata shuleni. Shangazi aliyemlea alimwamsha kabla ya wote apige pasi sare za binamu zake. Yake mwenyewe, hapana. Mkaa haukuwa wa kuchezea. Basi sketi aliitandaza mapajani, akalowesha kiganja, akasugua mpaka kengele ilie. Darasa likambandika jina, jina likaganda. Siku shangazi alipomfukuza, aliapa hatanyoosha tena nguo ya mtu bure. Pasi aliinunua chakavu, jogoo wa chuma wa kwenye komeo hana kichwa.

"Tumefanana," humwambia jogoo, chumbani ambako hakuna mwingine wa kuongea naye. "Wewe huna kichwa, mimi sina mtu."

Simu ikaita. Afisa Biashara.

"Mdogo wangu, njoo ukumbini, Siku ya Wajasiriamali. Utatueleza shida ulizokulia. Na pasi yako utaiona hukohuko."

Njiani, fuko begani, akampigia shangazi. "Nimealikwa kusema nilivyolelewa."

"Sema nimekulea mimi. Na wakigawa kitu, usinisahau."

Ukumbini pasi ilikuwa ndani ya kabati la kioo, imefungwa utepe, jogoo hana kichwa vilevile. Bango lilisema: SHIDA NI MTAJI. USIGUSE.

Mgeni rasmi alisema umaskini ni chuo kisichodai ada. Makofi. Mikunjo akapewa kipaza sauti.

"Mheshimiwa, naomba pasi yangu."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Sitanii. Ni ile pale. Nina nguo za watu."

"Mnaona?" Mgeni rasmi alifuta machozi ya kicheko. "Kijana wa shida hakosi utani!" Wakampiga picha.

Watu walipotawanyika, mlinzi alitikisa funguo. "Maonyesho ni wiki nzima, dada. Yakiisha, inapelekwa makao makuu."

Afisa Biashara alikuwa anapanda gari.

"Bosi, pasi yangu..."

"Umetutoa kimasomaso, mdogo wangu! Shati langu la kesho usilisahau, eh?" Kioo kikapanda.

Mikunjo akakaa kwenye ngazi. Akaitazama simu, akairudisha mfukoni. Hapakuwa na wa kumpigia. Akalitoa shati jeupe fukoni, akalitandaza mapajani. Akalowesha kiganja kwenye bomba la bustani, akaanza kusugua. Kola kwanza.