Kitambaa Kwenye Turbo

Tangu amzike mkewe, fundi alikuwa amekufa ganzi. Alikula alipowekewa chakula, akalala alipozimiwa taa. Kilichomtoa nyumbani ni lile gari la mbio tu, ambalo shemeji yake, mdogo wa marehemu, alitarajia kuliendesha Jumapili kwenye mashindano ya madereva wa ridhaa. Fundi alikuwa ameisuka injini upya na kufunga turbo, kifaa cha kuisukumia hewa.

Siku ya kuiwasha, shemeji aliinama kwanza, akatia vidole kwenye mdomo wa turbo, akavuta kitambaa. Fundi mwenyewe alikuwa amekichomeka humo kuzuia vumbi, akasahau. Injini ingewashwa hivyo, turbo ingekimeza na kuvunjikavunjika.

"Shemeji, turbo ina mafua? Mbona umeiziba pua?" shemeji alimwambia fundi taratibu, huku akikificha kitambaa mfukoni ili mafundi wengine wa gereji wasikione.

Fundi alijua kwamba alipaswa kushtuka. Hakuhisi kitu, na hilo ndilo lililomfanya aweke ufunguo wa gari chini.

"Usiliendeshe, shemeji. Mikono inafanya kazi, lakini mwenyewe sipo."

"Najua. Hata mimi sipo sana. Tukiunganishwa wawili huenda tukapata mtu mmoja. Wewe taja cha kukagua, mimi nishike."

Wakaanzia mbele, kwenye rejeta. Fundi akawa anataja kila mpira na kila nati, naye shemeji anaushika mpira na kuijaribu nati kwa spana. Nati mbili zilikuwa zimelegea. Shemeji alizikaza bila kumtazama fundi, kisha akasema, "Endelea, nakusikiliza."