Wawili Waende Kukaba

Katika jiko la uwanja wa hoki ya barafu wa Wolna, Alhamisi ile kabla ya mtoano, hakukuwa na mtu aliyepata nafasi ya kusema. Stefka alikuwa ameshika zamu ya kuongea, na Stefka akiongea, bibi wee, hata sufuria linaona haya kuchemka.

"Mmoja!" alisema, akipiga meza mpaka unga ukaruka. "Mmoja aende mbele kukaba, wanne wabaki katikati. Marlow waje wenyewe watukute. Basi. Kuna wa kubisha?"

Wa kubisha alikuwepo, Adeline, ila alikuwa ameahidi kutobisha. Akaendelea kufinya kingo za piroghi, viazi na jibini ndani, unga nje, akizipanga kwenye trei. Kesho mji mzima ungekuja kuzila na vitunguu vya kukaanga kwa siagi, na nusu ya Marlow, mji wa wapinzani wetu, pia, maana hao hata wakitutukana uwanjani chakula chetu hawakisusi.

Wanawake hawa wawili walikuwa wakipika hapo tangu walipoolewa. Mechi zote waliziona kupitia dirisha la kutolea chakula, mikono imejaa unga, na ole wako uje kuagiza supu wakati kisahani, ule mpira bapa wa hoki, kiko mbele ya goli. Utasubiri. Kocha Wes, mtoto wa kaka yake Adeline, alilijua hilo vizuri. Kila mwaka kabla ya mtoano alikuja jikoni kula na kuuliza. Huko nje anatembea na ubao wake na kalamu, mkubwa wa watu. Akifika jikoni anavua kofia.

Mwaka huu swali lilikuwa moja tu. Marlow wakipata kisahani nyuma ya goli lao, wakabwe vipi? Ukituma wawili wawavamie huko huko kwao, mabeki wanababaika, lakini wawili hao lazima wawe na miguu ya moto. Ukituma mmoja na wengine wakajazana katikati, mchezo unapoa, unakuwa wa kuvutana, na hata mwenye goti bovu anapata nafasi.

Mwenye goti bovu alikuwa Lyle, mwana wa pekee wa Adeline. Alikuwa na miaka thelathini na sita na mvi zilishaanza. Misimu miwili iliyopita aliimaliza amekaa nyuma ya benchi na koti, goti limepasuliwa na kushonwa. Mwaka huu alirudi, akawatangazia wote kwamba mtoano huu ukiisha anavua viatu vya barafu moja kwa moja.

Ndiyo maana jana yake Stefka alikwenda kwa Adeline, akakaa bila kukaribishwa.

"Shoga, nisikilize. Tukisema wawili, Wes atawapanga wale ndugu wa Pidskalny, watoto wale wanaokimbia kama wamemwagiwa maji ya moto. Na Lyle wako atamalizia hoki yake benchini. Tuseme mmoja. Wewe hasa, maana Wes anakusikiliza wewe."

Adeline akasema sawa. Alisema haraka mno, na usiku mzima hakuipenda ile sawa yake.

Sasa mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, na Wes nyuma yake. Alikuwa ameacha kunyoa, kama kila mwanamume wa timu mtoano unapokaribia.

"Hizo ndevu au masizi?" Stefka akamdaka.

"Ndiyo zinaanza, Mama Stefka. Zihurumie."

"Mi nakuhurumia wewe. Kaa ule."

Wes alikula amesimama, krimu ya kuchovyea imemganda kwenye hizo ndevu chache. Akafuta mdomo. "Haya, wakubwa zangu. Tunawafanyaje Marlow?"

"Mmoja," Stefka akasema, na chini ya meza akamkanyaga Adeline mguu.

"Na wewe, shangazi?"

Adeline alifungua kinywa aseme mmoja. Neno lenyewe jepesi, mtoto wa miaka miwili analisema. Lakini aliwajua mabeki wa Marlow. Aliwaona msimu mzima, majitu mawili yenye mabega ya kabati, ambayo kugeuka kwao ni kama kugeuza trekta na tela lake uchochoroni. Na barafu ya Wolna ni fupi kuliko viwanja vingine vyote, kwa sababu walioujenga uwanja waliishiwa mbao. Wawili wakitoka mbio, wanafika kabla beki hajageuza shingo. Kumtuma mmoja kwenye barafu fupi namna ile ni kuwapa Marlow zawadi na kuwafungia kwa utepe.

"Wawili," akasema.

Stefka alimkanyaga tena, safari hii kwa kisigino.

"Wawili, Wes. Wavamieni huko huko kwao, wasipate hata pumzi. Usinitazame hivyo."

Wes aliweka sahani chini taratibu. "Shangazi, unajua maana yake kwa Lyle."

"Umeniuliza habari za Marlow, hukuniuliza habari za mwanangu. Ungeniuliza za mwanangu ningekudanganya."

 Kocha alimshika bega, akavaa kofia yake akatoka. Mlango haujajifunga vizuri, Stefka akalipuka.

"Wewe ni mama au refa? Hebu niambie! Tulikubaliana nini jana?"

"Nilikosea jana."

"Alikosea jana! Mtoto anabaki na mtoano mmoja tu maishani, mama yake anamkalisha benchi kwa mdomo wake mwenyewe!"

Adeline akarudi kwenye unga wake. Moyo ulikuwa unamuuma sawasawa, na aliona hana pa kuuweka. Jambo moja tu alikuwa na hakika nalo: Lyle asilisikie hili kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya wale vijana. Kwa hiyo mwanawe alipoingia muda si mrefu, begi begani, akichechemea kidogo kama kawaida yake kabla goti halijapata moto, hakumwacha hata amimine kahawa.

"Lyle. Wes ameniuliza. Nimemwambia watu wawili waende kukaba."

Lyle akasimama na kikombe mkononi. Stefka aligeukia jiko, akajifanya anakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Wawili," Lyle akasema.

"Ndiyo. Nisamehe, mwanangu. Nilitaka kusema mmoja, nikashindwa."

Lyle akavuta kiti. Alikaa, uso umemwanguka, na Adeline akatamani ardhi immeze na jiko lake lote.

"Hata mimi ningesema wawili," Lyle akasema mwishowe. Akavuta trei, akatoa piroghi tatu akaziweka kwenye unga.

"We! Rudisha, za watu hizo!" Stefka akafoka.

"Dakika moja, Mama Stefka. Hawa wawili ndio Pidskalny. Wameingia, wamembana beki kwenye kona. Mama, wa tatu anasimama wapi?"

"Wa tatu? Anabaki nyuma yao, katikati."

"Anakimbia?"

"Akimbie aende wapi? Anatazama kisahani kitatokea upande gani, akidake."  Adeline akaitazama ile piroghi ya tatu.

"Wale watoto hakuna anayeweza kusimama," Lyle akasema. "Wakiona kisahani wote wanakifuata. Mimi nimekaa misimu miwili na koti nikitazama tu, mama. Sitaki kujisifu, lakini siku hizi najua kinakotokea kabla aliyekipiga hajajua." Akainuka, akachukua begi. "Wes anaweza kukataa. Lakini atanisikiliza."

Alipotoka, Stefka alikuwa wa kwanza kusema, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema polepole. "Kwa nini sisi hatukumwona huyo wa tatu?"

"Mimi ni mama yake," Adeline akasema. "Nilikuwa namtafuta miongoni mwa wale wanaokimbia."

Walisukuma trei kando wakaenda dirishani, wote wawili, bega kwa bega. Mazoezi yalikuwa yameanza. Waliona Lyle na Wes wakizungumza ubaoni, Lyle akionyesha kwa gongo, Wes akijikuna zile ndevu zake za kuombaomba. Ikachukua muda. Halafu Wes akaelekeza mkono katikati ya barafu, na Lyle akaenda kusimama pale.

Filimbi ikalia. Ndugu wa Pidskalny wakachomoka, barafu ikiruka, wakamvamia beki nyuma ya goli. Beki akapapatika, akakisukuma kisahani kwa kubahatisha kando ya ukuta. Kijana mwingine yeyote angekikimbilia ukutani. Lyle alijisogeza kidogo tu, kisahani kikaja chenyewe kwenye gongo lake, akakitia wavuni kabla kipa hajajua kimepita wapi. Vijana wakagonga magongo yao kwenye barafu kumshangilia.

"Haki ya Mungu," Stefka akasema. "Marlow wamekwisha."

Wes akapiga filimbi warudie. Ndugu wakaondoka tena, na Adeline aliona lile goti la mwanawe likikunjika, mwili ukiinamia mbele, ule mwili ambao tangu mdogo aliupigia kelele kutoka dirisha hilihili uende mbio, mbio, mbio zaidi. Akatoa kichwa na mabega yote nje ya dirisha, unga umemfika viwikoni.

"Usikimbie, Lyle!" akapiga ukelele, na uwanja mzima ukageuka. "Baki hapo hapo, mwanangu! Hapo hapo!"

Vijana wakacheka. Lyle aliinua gongo kidogo kuonyesha amesikia, na hakusogea.