Usukani Uliovuta Kushoto

Kioko alirudi kutoka vita vya Burma na mkono wa kushoto unaokufa ganzi, na siri hiyo hakumwambia mtu ila mkewe, Nduku. Jeshini alikuwa dereva wa malori. Kwa hiyo tajiri mmoja wa Likoni alipomkabidhi gari lake dogo la Kifaransa aliendeshe, Kioko aliona njaa imekwisha.

Gari hilo lilivutwa na magurudumu ya mbele, wala halikusukumwa na ya nyuma kama malori. Kila alipokanyaga mafuta, usukani ulivuta kushoto. Kioko aliushika kwa nguvu, akanyamaza.

"Ni mkono huu," alimwambia Nduku. "Unazidi kufa."

"Mwambie tajiri basi."

"Nimwambie ameajiri kilema?"

Asubuhi moja baada ya mvua, karibu na kijiji cha Shika Adabu, gurudumu la kushoto liliingia kwenye tope la kando. La kulia lilibaki juu ya changarawe ngumu. Kioko akakanyaga mafuta ajinasue. La kushoto likazunguka bure, la kulia likauma ardhi, usukani ukamponyoka, na gari likaruka nje ya njia upande wa kushoto. Mbeyu, mama muuza mihogo, alikuwa amesimama pale kando akingoja lipite; likamgonga. Hakuwahi hata kupiga ukelele.

Mbele ya hakimu Kioko hakujitetea. "Ni mkono wangu," alisema, akafungwa.

Alipotoka gerezani, Rama, fundi aliyelitengeneza gari la tajiri baada ya ajali, alimfuata nyumbani.

"Ndugu yangu, gari lile nimeliendesha mwenyewe. Ukikanyaga tu, linakwenda kombo. Gurudumu moja likiteleza, ndiyo kabisa! Na mimi mikono yangu mizima. Wallahi, mkono wako hauna kosa."

Nduku alishukuru Mungu kwa sauti. Kioko aliinama.

"Afadhali ungekuwa mkono," alisema. "Mkono sikuuchagua. Ningelisema siku ya kwanza kwamba usukani unavuta, wewe ungelilikagua gari, na yule mama angelikuwa hai. Nilinyamaza kwa hofu ya kazi."

Rama alisema lipo lori linalotafuta dereva, aje kesho. Kioko akatikisa kichwa: usukani hataushika tena.

Alihamia Changamwe, akabeba magunia. Nduku alivumilia kuishi na mtu asiyezungumza mpaka akachoka, akarudi kwao Ukambani na watoto. Kioko aliwasindikiza hadi stesheni. Treni ilipoondoka alitaka kusema neno, lakini neno halikutoka.