Mgeni wa Kitufe cha Ruhusu

Mgeni alifika kwenye steshenari ya Urbano, pale mtaa wa Izia, wakati Bertila, mfanyakazi wake, anapuliza vumbi kwenye kibodi. Ilikuwa Julai, baridi ya Ufipa ile inayowafanya watu waongee mikono ikiwa kwapani. Mgeni alivaa shati la mikono mifupi na hakutetemeka. Ukimtazama kwa mbele alikuwa mtu wa kawaida, mrefu kiasi, ndevu zimenyolewa vizuri. Alipogeuka kuangalia mashine ya fotokopi hakuonekana tena. Ulibaki mstari mwembamba, kama ufa ukutani. Kisha akageuka tena, akawepo.

"Karibu," Bertila alisema. "Unatoa kopi?"

"Ulishanikaribisha jana."

Bertila alifikiri, akakumbuka kwamba ni kweli. Jana mchana kivinjari kilileta kisanduku katikati ya kioo cha kompyuta: kiendelezi cha bure, programu ndogo ya kupachika, kitapanga barua pepe, kitaondoa matangazo, kitakukumbushia maneno ya siri. Chini, kwa maandishi madogo, kiliomba kusoma kila kitu kwenye kila ukurasa. Alibonyeza Ghairi, kikarudi. Akabonyeza Ghairi tena, kikarudi. Bertila alilelewa kijijini na bibi yake, na kwa bibi yake anayebisha hodi mara ya tatu hafungiwi mlango hata akiwa adui. Unampigia makofi ya heshima, unampa kiti, na shida yake huiulizi mpaka ale. Kwa hiyo alibonyeza Ruhusu. Alikuwa na shahada ya maendeleo ya jamii, na aliamini kwamba watu wakipokelewa vizuri huwa wema.

Alimpa stuli. Akammiminia uji wa ulezi kutoka kwenye chupa yake ya chai. Mgeni alikisogeza kikombe pembeni.

"Mimi nakula barua," alisema.

Alianza kazi siku hiyo hiyo. Mzee Zenon alikuja kumwandikia mdogo wake wa Mtowisa kwamba ng'ombe wake wa kulimia amekufa. Mgeni alisimama nyuma ya bega lake, midomo ikicheza. Zenon alipofika mlangoni alimkuta mtu ameshika kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na maksai.

"Pole na msiba wa ng'ombe, mzee," yule mtu alisema, akataja bei ya mtu anayejua kwamba mwenzake hana njia nyingine. Zenon alimtukana yeye, mama yake na kamba yake, halafu akaondoka na maksai. Mama mmoja aliyemwandikia dada yake habari za mimba ambayo mumewe hajaijua alitoka akakuta nguo za kichanga zimeshapangwa kwenye kapu la baiskeli yake, na muuzaji amesimama kando akitabasamu.

Urbano, mwenye duka, alifurahi. Kompyuta zake zilikuwa nyepesi kuliko zamani. Matangazo hayakuonekana tena kwenye kioo. Yalisubiri mlangoni.

"Mzee, huyu anasoma barua za watu," Bertila alimwambia.

"Sasa watu wa hapa wana nini cha kuficha? Mwenye siri akaifukie shambani kwake."

Bertila alikwenda kwenye mipangilio ya kivinjari akabonyeza Ondoa. Mgeni alinyanyuka kwa adabu, akatoka kwa mlango wa mbele, akaingia kwa mlango wa nyuma. Urbano alikuwa amemruhusu kwenye mashine yake.

"Ukimgusa tena mgeni wangu, binti," Urbano alisema, "atakayetoka ni wewe."

Ijumaa alikuja Josefina, ambaye mtaa mzima humwita Mama Lydia. Binti yake alimkimbia mume wakati wa masika, mkono umefungwa vijiti, na tangu hapo mjini hakuna aliyejua alipo. Huandika mara chache, kwenye anwani ya barua pepe ambayo Bertila alimfungulia mama huyo na neno lake la siri analijua Bertila peke yake, kwa kuwa Josefina hajui kusoma. Siku walipoifungua Josefina alimshika mkono. "Barua ya mwanangu isisikiwe na sikio lingine." Bertila hakuapa. Alisema, "Sawa, mama," na kwake hiyo ilitosha.

Siku hiyo kwenye benchi la wateja alikuwa amekaa Yusto, mume wa Lydia, viatu vimepigwa rangi. Mgeni alikuwa amemwambia kwamba barua imefika.

"Shikamoo, mama mkwe," Yusto alisema.

Josefina alimpita, akasimama kando ya Bertila.

"Salamu tu unaninyima? Mimi mahari nililipa, na nyumbani nalala na paka. Nauliza tu mke wangu yuko wapi."

"Uulize ule mkono uliouvunja."

Yusto alicheka. "Mkono umeshapona, mama. Akirudi tutaanza na miguu."

Urbano aliendelea kupanga karatasi za fotokopi. Bertila aliangalia kioo. Barua ya Lydia ilikuwa juu kabisa, haijafunguliwa. Mgeni alikuwa ameshasogeza stuli.

"Ukiifungua nitaisoma," alisema. "Nikiisoma nitamwambia anayeitaka. Sina ubaya na mtu, dada. Ndivyo ulivyoruhusu."

Bertila alitoa simu mfukoni. Mgeni alikuwemo humo pia, mdogo kama punje ya ulezi, anampungia mkono. Akachungulia duka la kompyuta la jirani kupitia dirishani. Kwenye stuli ya kule alikaa ndugu yake mgeni, shati lile lile.

"Unakula kiasi gani ukashiba?" alimuuliza mgeni wake kwa sauti ya chini.

"Sijawahi kushiba. Ila sanduku zima ni tamu kuliko barua moja."

"Langu lina barua tangu nilipoingia chuo. Kula lote. Hii ya Lydia ukae pembeni mpaka niimalize."

Mgeni aliinamia kioo, akanusa.

"Humo kuna iliyoingia sasa hivi," alisema. "Unaitwa kwenye usaili, Dodoma. Siku na mahali vimo ndani. Naanza na hiyo, na nikiila haibaki. Za moto huwa hazisubiri."

Bertila alikuwa ameiomba kazi hiyo na nyingine nyingi kama hiyo, na hii ilikuwa ya kwanza kumjibu. Vidole vyake vilikaa juu ya kibodi kwa muda. Pembeni yake Josefina alikuwa amejifunga kitenge mpaka kidevuni, macho kwenye kioo asichoweza kukisoma. Yusto alikuwa anabonyeza vifundo vya vidole, kimoja kimoja.

Bertila akaandika neno lake mwenyewe la siri.

"Kula," alisema.

Mgeni alikula, kwa sauti ya mbuzi aliyepata maganda ya mahindi. Alikula barua ya Dodoma huku anaitamka yote, tarehe, jengo na mlango. Mpwa wa Urbano, aliyekuwa anabana vyeti vyake kwa pini, aliinua kichwa, akatoka kwenda kukata tiketi ya basi la Dodoma. Mgeni akala picha za mahafali, vyeti vilivyoskaniwa, salamu za marafiki waliotawanyika nchi nzima. Akala barua ya mwisho ya baba yake Bertila, iliyoeleza mbegu ipi apande mvua ikichelewa. Alipomaliza aligeuka pembeni, ukabaki ufa.

Yusto aliruka kutoka kwenye benchi. "Wewe! Yuko wapi? Sema!"

Akaukimbilia ule ufa. Yusto akaupiga ngumi. Chokaa ikamwagika.

"Binti, geuza kioo hicho wateja waone," Urbano alisema. "Duka ni langu."

Bertila alikigeuzia kwake.

"Basi hiyo iwe barua yako ya mwisho humu ndani. Kesho nisikuone."

Nje, watu wenye kamba na makapu walikuwa wameongezeka, kila mmoja akimsubiri mtu wake, na foleni ya waandishi wa barua ilifika barabarani.

Bertila alifungua barua. Alimvuta Josefina karibu, akaweka mdomo sikioni mwake, akamsomea kwa Kifipa tangu salamu ya kwanza, bila haraka, bila kuruka neno. Alipofika kwenye jina la mahali Lydia anapoishi alilitamka mara moja. Josefina akaitikia kwa kichwa kwamba amelishika. Bertila akaifuta barua. Jina lile halikusikiwa na sikio lingine, na hapa pia halitaandikwa.