Dishi Lililoinamia Zizi la Ebenyo

Nakaale alipanda juu ya pipa nyuma ya nyumba yake, Lodwar, akafunga dishi kwenye bomba la chuma kwa spana. Hakuna fundi aliyekubali kuja. Jirani yake, Ebenyo, ndiye aliyewauzia mafundi wote maji, na alikuwa amewaambia wasikanyage kwa Nakaale.

Dishi lilikuwa la mumewe, Lopeyok. Alilileta kutoka Kakuma, akaliegemeza mlangoni, kisha akaenda kumuuliza Ebenyo kwa nini ukuta wake mpya umeingia kwenye kiwanja chao. Hakurudi. Ebenyo alisema amevuka mpaka wa Nadapal kutafuta kazi Sudan Kusini. Chifu akasema hivyo hivyo. Nakaale hakuwaamini; alitaka mwili tu, apate kuuzika.

Hapo Lodwar setilaiti iko karibu juu ya utosi, kwa hiyo madishi ya mji hulala chali kama bakuli linalongoja uji. Nakaale alililaza lake vivyo hivyo. Monique, Mkongo msusi wa sokoni, alikaa ndani akiangalia mstari wa mawimbi kwenye runinga.

"Iko namna gani?"

"Bado, mama. Iko sifuri."

Ebenyo aliegemea ukuta. "Sasa umekuwa fundi? Kesho utapanda nguzo ya stima?"

"Toka hapo, unazuia."

"Ukuta ni wangu. Nitasimama mpaka uchoke."

Nakaale alilegeza nati ili ageuze dishi kidogo. Dishi likaanza kuinama lenyewe. Likapita usawa wa ukuta, likazidi kushuka.

"Inapanda!" Monique alipaza sauti. "Shusha tena, mama!"

Liliposimama, lilikuwa linatazama ardhi ya zizi la mbuzi la Ebenyo. Mstari ulijaa. Nakaale alikaza nati, akaingia ndani.

Kwenye runinga Lopeyok alikuwa ameketi mchangani, damu imeganda kwenye shati lake. Hakuwa na ekicholong, kigoda ambacho mwanamume Mturkana hatoki nyumbani bila kukibeba.

"Picha iko safi," alisema Monique.

"Ejok, Lopeyok," Nakaale alimsalimu.

"Ejok. Mbuzi wananikojolea."

"Nani alikuweka huko?"

"Ebenyo. Chifu alishika miguu."

Chifu aliitwa. Alitazama mpaka mwisho, akasema picha ni nzuri, lakini serikali haichimbi zizi la mtu kwa ajili ya televisheni. Kama Lopeyok ana malalamiko, afike ofisini mwenyewe, na kitambulisho.

Nakaale alichukua jembe akaenda zizini. Ndugu za Ebenyo walimrudisha kwa mawe, na bega lake moja halikupanda tena.

Baada ya hapo majirani walianza kuja jioni. Walilalamika kwamba hakuna mpira. Wengine walimsalimu Lopeyok, wakamuuliza habari za wazee wao waliotangulia, naye akajibu alichojua. Kisha alirudia, kila jioni, nani alipiga na nani alishika miguu. Waliitikia kwa vichwa na kupitishiana chai.

Ebenyo naye akaja. Hakubisha hodi. Walimpisha mbele.

"Shemeji, hii kelele imezidi," alimwambia Nakaale. "Mbuzi wangu hawalali."

Akachukua rimoti, akaondoa sauti yote, akaiweka mfukoni. Lopeyok aliendelea kusema. Nakaale alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo, akawa anafuata midomo.

"Sogea, mama," mtu alisema nyuma. "Hatuoni."