Makava ya Kijivu

Irene alikuwa akipanga makava ya simu mezani kwake, kando ya foleni ya malori ya Tunduma, huku akimweleza mteja tofauti zake. La mpira ni laini, lakini hugeuka njano. La plastiki ngumu hupasuka kwenye kona. La ngozi linapendeza, ila mvua za kule Iyula hulivimbisha. Kisha kuna la kijivu, ambalo Joshua, anayemletea bidhaa, hulivusha mwenyewe mpakani kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Hilo halipasuki wala halichubuki. Simu ikianguka, anayevunjika ni mwenye simu.

Jambo hilo lilijulikana. Mnunuzi mmoja wa kahawa aliangusha yake kwenye lami, akavunjika mfupa wa bega. Aliiokota kwa mkono mzima, akakuta kioo hakina hata mstari, akaendelea na maongezi. Watu walipima wenyewe wakaona mfupa huunga, kioo hakiungi. Irene alimwonya kila mteja, na kila aliyeonywa alichukua la kijivu.

Mdogo wake, Tumpale, wakala wa pesa pale mpakani, naye alilitaka. Mimba yake ilikuwa imeshaonekana. Irene akaivalisha simu ya mdogo wake kava la mpira, akasema ya kijivu yameisha.

"Dada, yale pale nayaona. Watu baki unawauzia, mimi unaninyima?"

"Wewe hauko peke yako, Tumpale."

"Nitaishika kwa mikono miwili, kama sahani ya mkwe."

Irene, ambaye hakujaliwa mtoto, aliogopa kuambiwa ana wivu. Akampa.

Jumamosi moja simu iliteleza mapajani mwa Tumpale, ikagonga sakafu ya saruji. Irene alikuwepo. Wakasubiri. Tumpale alijipapasa mikono, mbavu, magoti. Hakuna palipouma.

"Joshua kakuuzia feki, dada," akasema akicheka.

Irene alikuwa akilitazama tumbo, ambalo lilikuwa limetulia.

Mtoto walimzika Hasamba, kwa wazazi wao, karibu na mibuni. Wanawake walipokuwa wakiimba, simu ya Tumpale ililia ndani, haina mkwaruzo. Mteja alitaka kutoa pesa.

Jioni jirani yao, Mzee Yesaya, alimshika Irene mkono, akampa pole. Kisha akauliza kwa heshima kama ya kijivu bado yapo. Mkwewe ni mjamzito, alisema, na siku hizi vitu vinamtoka mikononi ovyo.

"Yapo, baba," Irene alijibu. "Ngoja kwanza tuanue matanga."